Mafunzo ya msongo na hisia kwa walezi wa watoto wadogo: namna ya kuyaandaa na kuyaendesha

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa kazi ya kuwafundisha walezi wa kituo cha watoto, kuanzia wachanga hadi wa miaka mitano, namna ya kuubeba msongo wa kazi hiyo bila kuumwagia mtoto. Tumeupanga kwa vipindi sita vya dakika 90, kimoja kila baada ya wiki mbili, kwa kundi la watu 8 hadi 14. Wakipungua wanane, mazoezi ya kuigiza hukosa watazamaji. Wakizidi kumi na wanne, wapo watakaomaliza mafunzo yote bila kufungua mdomo.

Msongo wa mlezi hukaa mahali pawili: mwilini mwake na kwenye ratiba ya kituo. Ukimfundisha mtu kuvuta pumzi huku ukimwacha peke yake na watoto wengi kuliko mikono yake, umemwongezea mzigo, maana sasa akishindwa atajiona mwenye kosa. Kwa hiyo katika kila kipindi tenga muda wa kushughulikia vyote viwili, hata kama aliyekuajiri alitaka kimoja tu.

Kabla ya kuanza

Kaa ndani ya vyumba vya watoto asubuhi mbili nzima na jioni moja. Usiende na dodoso, nenda na saa na daftari. Andika muda kila mara sauti ya mlezi inapopanda, kila mara watoto wanaposubiri zaidi ya dakika tano bila la kufanya, na kila mara mlezi anapobaki peke yake. Saa za moto hazitofautiani sana kati ya kituo na kituo: asubuhi watoto wanapoagana na wazazi, foleni ya kunawa mikono kabla ya kula, dakika ishirini kabla ya usingizi wa mchana, na jioni ya kuchukuliwa, ambapo mtoto amechoka, mlezi amechoka na mzazi naye amechoka. Daftari hili ndilo litakalokupa mifano ya kuigiza. Mifano ya kutoka vitabuni walezi huitambua mara moja, na huacha kusikiliza.

Kisha zungumza na msimamizi wa kituo, nawe uwe na maombi matatu. Kwanza, vipindi vifanyike ndani ya saa za kazi zinazolipwa, na visiwe jioni baada ya zamu nzima. Pili, wapatikane watu wa kushika vyumba wakati wa kipindi, kwa majina, si kwa ahadi. Tatu, mlezi aruhusiwe kutoka chumbani kwa dakika tano akiomba, bila kuandikwa popote na bila kuulizwa sababu. Ombi la tatu ndilo linaloleta ubishi. Msimamizi ataogopa kwamba watu watalitumia vibaya. Mweleze kuwa utapima pamoja naye baada ya mwezi. Akikataa kabisa, ahirisha mafunzo, kwa sababu kipindi cha nne, kinachofundisha kuomba kupokewa na mwenzako, kitakuwa mchezo wa kuigiza tu.

Siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajasema neno la moyoni, taja mipaka ya siri. Yanayosemwa chumbani hayatoki, isipokuwa habari ya mtoto kuumizwa au kuwa hatarini: hiyo hufuata utaratibu wa kituo wa kulinda watoto. Ukilisema baada ya mtu kuungama kwamba alimfinya mtoto, umemtega.

Vifaa ni vichache: saa yenye mshale wa sekunde, mwanasesere mwenye ukubwa na uzito unaokaribia wa mtoto mchanga, sauti ya kilio iliyorekodiwa, kadi tupu, na viti vya watu wazima. Hili la viti si mzaha. Ukiwakalisha watu dakika 90 kwenye viti vya watoto, magoti yakiwagusa kidevu, somo lako la kutunza mwili limekwisha kupingwa na makalio.

Ukitaka kipimo cha mwanzo, lipo dodoso la kupima msongo la mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake, lililochapishwa mwaka 1983. Toleo lake la maswali kumi hujibiwa kwa alama 0 hadi 4, jumla 0 hadi 40, likiuliza juu ya mwezi uliopita. Halipimi ugonjwa, kwa hiyo usimwite mtu pembeni kwa sababu ya alama zake. Kila mshiriki achore alama yake ya siri juu ya karatasi badala ya jina, aitumie tena mwishoni.

Kipindi cha 1: mwili hutangulia

Anza na mchoro wa mwili wa mtu kwenye karatasi kubwa. Kila mmoja aweke nukta pale anapoanza kuhisi hasira au kuelemewa: taya, shingo, tumbo, viganja, kifua. Usitoe maelezo kwanza. Wakimaliza, utaona nukta zimejaa kuanzia mabegani kwenda juu, na watu wataanza kucheka na kuoneshana. Hapo ndipo uwaeleze kinachotokea.

Ubongo unapohisi hatari, adrenalini huingia katika damu ndani ya sekunde chache: moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Homoni nyingine, kotisoli, huja polepole, nayo hufikia kilele takriban dakika 20 hadi 30 baadaye. Hii ndiyo sababu mlezi aliyetuliza kisa cha kung'atana saa nne kasoro anaweza kumfokea mtoto mwingine saa nne na robo kwa kumwaga maji tu. Ukumbuke pia kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya chui na vilio vitatu vinavyolia kwa pamoja. Walezi wakishalielewa hili huacha kujiita watu wabaya, nawe unapata nafasi ya kufundisha.

Zoezi la pumzi lifanyike kwa kipimo, si kwa maneno matamu. Kila mtu ahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili, aandike. Kisha wavute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, wewe ukihesabu sekunde kwa sauti. Hapo kila pumzi huchukua sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika. Waendelee dakika tatu, wapime tena. Wengi wataona mapigo yameshuka kidogo, na namba waliyoiandika wenyewe huwashawishi kuliko hotuba yako. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo, kwa hiyo asiyeweza nne kwa sita afanye tatu kwa nne. Muhimu ni kutoa kuzidi kuvuta.

Yanayoharibika hapa ni mawili. Wapo wanaovuta pumzi kwa nguvu kupita kiasi, wakapata kizunguzungu na ganzi ya vidole: wanapoteza hewa ukaa nyingi mno. Waambie wapumue kwa wepesi, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto aliyelala. Na wapo ambao kufuatilia pumzi huwaongezea wasiwasi, hasa wenye pumu au waliowahi kupatwa na hofu kuu ya ghafla. Wape njia nyingine bila kuwauliza sababu: kusukuma ukuta kwa viganja kwa sekunde kumi kisha kuachia, mara tatu, au kunawa mikono kwa maji baridi, au kukanyaga sakafu kwa nyayo zote na kutaja kimoyomoyo vitu vitano wanavyoviona.

Kazi ya wiki mbili: zoezi la pumzi moja tu, mara tatu kwa siku, kwenye tukio ambalo tayari lipo. Kila ukifungua nepi, pumzi moja ndefu. Usiwape shajara ya kujaza kila usiku. Hawataijaza, nao watakuja kipindi cha pili wakiwa na aibu.

Kipindi cha 2: kuipa hisia jina lake

Hapa lugha yetu ni tajiri kuliko tunavyoitumia kazini. Muulize mlezi anajisikiaje, atakujibu "nimechoka" au "nina stresi", basi. Gawa kadi na uwaombe watu waandike kila neno la hisia wanalolijua, kadi moja neno moja. Zitatoka hasira, hamaki, ghadhabu, kinyongo, kero, karaha, simanzi, majonzi, upweke, woga, wasiwasi, mfadhaiko, fedheha, wivu, kijicho, hatia, bumbuwazi, kukata tamaa. Wazipange sakafuni kwa ukali, kutoka iliyo ndogo hadi iliyo kubwa. Ubishi utakaozuka kuhusu kama karaha imezidi kero ndio somo lenyewe, kwa hiyo usiuamue.

Faida yake si ya kishairi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionesha kwa picha za ubongo kwamba mtu anapoipa jina hisia anayoiona usoni mwa mwingine, shughuli katika amigdala, sehemu inayohusika na tahadhari na hofu, hupungua. Na jina sahihi huelekeza tiba sahihi. Anayesema "nina hasira na huyu mtoto" akichimba kidogo mara nyingi hukuta fedheha: mzazi alisimama mlangoni akiangalia wakati mtoto anajibwaga chini. Hasira ingemfanya amkaripie mtoto. Fedheha inahitaji mazungumzo na mzazi.

Kisha geuza upande wa mtoto. Kwa walio chini ya miaka mitatu majina manne yanatosha: furaha, hasira, huzuni, woga. Zoeza sentensi fupi yenye jina na sababu: "Umekasirika, ulitaka gari." "Una huzuni, mama ameondoka." Watu watapata shida kuishia hapo. Mdomo utataka kuongeza "lakini" au "usilie". Waambie wakae kimya sekunde tano baada ya sentensi, na uhesabu kwa vidole. "Usilie" humwambia mtoto kwamba unachokijua juu yake ni kelele tu. Wengine watauliza kama hivi si kumdekeza. Jibu ni kwamba kuitaja hasira si kumpa gari. Kikomo kinabaki palepale, kinachobadilika ni kwamba mtoto hakabiliani nacho peke yake.

Kipindi cha 3: dakika ya moto

Hiki ndicho kipindi ambacho walezi hukingoja, na kinastahili muda zaidi ya vingine. Ukiona dakika 90 hazitoshi, kiendeleze kwenye kipindi kinachofuata na ufupishe cha tano.

Vishindo vya kujibwaga, kupiga mateke na kupiga kelele huwa vingi kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, umri ambao mtoto anataka mengi na maneno anayo machache. Sehemu ya mbele ya ubongo inayozuia misukumo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa miaka miwili "tulia" ni kumwomba kitu ambacho bado hana. Hutulia kwa kuazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu. Mlezi akiwa anachemka, hakuna cha kuazima.

Fundisha hatua kwa mpangilio huu, na kila mmoja aupitie kwa mwili mara tatu, si kwa kutazama tu.

1. Simama. Nyayo mbili sakafuni, pumzi moja ya kutoa. Haizidi sekunde nne. Ni hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu mlezi anadhani haraka ndiyo uhodari. Isipokuwa mtoto yuko hatarini kuumia au kuumiza: hapo mkono hutangulia, pumzi hufuata.

2. Ondoa hatari. Sogeza kiti, mwondoe mtoto mwingine, zuia mkono unaopiga kwa kiganja kilichofunguka. Usishike kifundo cha mkono na kuvuta. Kiwiko cha mtoto mdogo huteguka kirahisi kwa kuvutwa.

3. Shuka. Piga goti hadi macho yako yawe chini kidogo ya yake, ukiwa kwa upande wake kidogo, umbali wa mkono mmoja. Ukikaa uso kwa uso na karibu mno, mtoto aliyepandwa na hasira huona anabanwa.

4. Taja hisia na kikomo, kwa maneno yasiyozidi kumi, kwa sauti ya chini kuliko yake. "Umekasirika. Sitakuacha umpige."

5. Nyamaza, baki. Mtoto aliye kileleni hasikii maelezo, na kila sentensi unayoongeza ni kuni. Ngoja hadi kilio kibadilike, kitoke kwenye ukali kiingie kwenye kwikwi. Badiliko hilo ndilo mlango. Ukimnyooshea mikono kabla yake atakusukuma, baada yake atakuja mwenyewe.

6. Rudisha kwenye shughuli kwa jambo dogo linaloshikika: "Njoo tuokote vipande viwili." Mafundisho juu ya kupiga wenzake yasubiri angalau robo saa, tena yawe sentensi moja.

Katika maigizo, mmoja awe mtoto, mmoja mlezi, wa tatu atazame mikono na mabega ya mlezi peke yake. Asitazame maneno. Mtazamaji aseme alichokiona: "mabega yalipanda ulipopiga goti." Asiseme "umefanya vizuri". Anayeigiza mtoto akae ndani ya nafasi kwa dakika mbili kamili. Watu wazima huona aibu na kutulia mapema, hapo zoezi linadanganya. Mara ya tatu washa ile sauti ya kilio. Utaona hatua ya kwanza inapotea kwa watu wote walioiweza dakika tano zilizopita, na ndiyo maana ya kuiwasha.

Kwa wanaohudumia wachanga, ongeza sehemu hii bila kuipunguza. Kilio cha mtoto mchanga mwenye afya huongezeka tangu wiki ya pili hivi, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Kipo kilio kisichonyamazishwa na maziwa, nepi wala kubembelezwa, na hakina maana kwamba mlezi ameshindwa. Akihisi mikono inaanza kukaza, mpangilio ni huu: mlaze mtoto chali kwenye kitanda chake kisicho na mito wala midoli, mwite mwenzako, ondoka. Kama yuko peke yake, amlaze vivyo hivyo, asogee hatua chache, arudi kumwangalia kila baada ya dakika tano hadi mikono ilegee. Mtoto akilia kitandani kwa dakika kumi hadhuriki. Kumtikisa kwa sekunde chache kunaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo, kumpofusha au kumuua. Mpe kila mlezi mwanasesere, ahisi uzito wa kichwa kisicho na shingo imara, kisha afanye zoezi la kumlaza na kugeuka. Hata wenye uzoefu wa miaka mingi walifanye.

Homa, kutapika mfululizo, kukataa kunyonya au kilio cha sauti ngeni si jambo la kutuliza: ni la kumjulisha mzazi na kumpeleka mtoto kwa mhudumu wa afya.

Kipindi cha 4: "nipokee"

Kundi lichague neno moja la kuomba kubadilishwa. Sisi tunapendekeza "nipokee", kwa sababu ni fupi, watoto hawatishiki nalo, na halina maelezo ndani yake. Kanuni zake ziandikwe ukutani. Anayeambiwa "nipokee" huja ndani ya dakika moja, hugusa bega la mwenzake, husema "nimepokea", kisha hushika kazi. Anayeondoka hutaja mambo mawili tu: mtoto gani na amefikia wapi. "Huyu wa fulana ya bluu, bado hajalala." Hutoka kwa dakika tano, hurudi, husema "nimerudi". Haulizwi kitu.

Lakini neno hili halitatumika lenyewe. Watu huona kuomba kupokewa ni kukiri udhaifu, hasa mbele ya mlezi mkongwe. Dawa yake ni kumwomba mkongwe ndiye atangulie, na msimamizi alitumie mwenyewe siku ya kwanza. Kwa wiki ya kwanza kila mmoja alitumie angalau mara moja kwa siku hata kama ametulia, ili siku ya shida ulimi uwe umelizoea. Pia wafundishe kumpokea mwenzao asiyeomba: "Dada, nikupokee?" Akijibu hapana, mlezi arudi kazini. Akiona mkono unainuka au sauti inapasuka, hapo haulizi. Anaingia kati na kumchukua mtoto.

Nusu ya pili ya kipindi iwe ya ratiba. Rudi kwenye daftari lako na usome saa za moto bila kutaja majina. James Gross, mtafiti wa namna watu wanavyotawala hisia, mwaka 1998 alizipanga njia hizo kwa hatua tano: kuchagua hali utakayoingia, kuibadilisha hali hiyo, kuelekeza macho na mawazo kwingine, kuifikiria upya, na mwisho kabisa kuidhibiti hisia ikiwa imeshaamka. Pumzi ya kipindi cha kwanza ipo kwenye hatua ya tano, pale ambapo mambo ni magumu zaidi. Foleni ya kunawa mikono ipo kwenye ya pili, na kuifuta hakuhitaji ujasiri wa moyo. Waite watoto wawiliwawili huku wengine wakiendelea kucheza. Magodoro yatandikwe wakati watoto wako nje, si wakiwa wamezunguka. Mlezi mwenye kuingia zamu ya jioni aje dakika 30 kabla ya wazazi kuanza kufika, badala ya wakati uleule. Walezi wachague mabadiliko mawili, yajaribiwe wiki mbili, msimamizi akiwepo ayasikie. Yakizidi mawili hutajua lipi limesaidia.

Kipindi cha 5: tabasamu la kazini, wazazi na wenzako

Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliipa jina kazi hii mwaka 1983: kazi ya hisia, yaani kulipwa ili kuonesha hisia fulani. Alitofautisha kuvaa tabasamu juu ya hasira na kujitahidi kuibadilisha hisia yenyewe. Lile la kwanza huchosha zaidi. Kwa wachanga halifui dafu hata hivyo: katika majaribio ya Edward Tronick ya miaka ya 1970, mama alipoukausha uso kwa dakika chache tu, mtoto wa miezi michache alijaribu kumchekesha na kumwita kwa mikono, kisha akageuza uso kwa huzuni. Hivyo usimfundishe mlezi kujifanya. Mfundishe kusema ukweli mdogo unaobebeka: "Leo nimechoka, mwanangu, nakaa hapa kidogo." Hilo halimdhuru mtoto.

Kwa wazazi, zoeza hali moja: anakuja amechelewa, anakuta alama ya meno mkononi mwa mtoto, anapandisha sauti. Mlezi aanze na tukio, afuatishe alichofanya, amalizie na wakati wa mazungumzo marefu. "Ameng'atwa saa tano, tumeosha, tumeweka kitambaa baridi. Naona umeumia. Kesho asubuhi tukae na msimamizi." Jina la mtoto aliyeng'ata halitajwi, mzazi hata akilia. Kosa la kawaida ni kuomba radhi mara sita mfululizo. Radhi moja inatosha, sita humfanya mzazi ashuku kuna kinachofichwa.

Ugomvi wa wenzako kwa wenzako usiuingize kwenye maigizo. Ukijitokeza, uupeleke kwa msimamizi faragha, maana kundi litaugeuza baraza.

Kipindi cha 6: uchovu uliopitiliza na mpango wa mtu

Eleza tofauti kati ya kuchoka na uchovu wa kazi uliopitiliza. Shirika la Afya Duniani limeutaja katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, likiuita jambo la kazini na si ugonjwa, lenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga au kuidharau kazi moyoni, na kujiona hufai tena kikazi. Kwa mlezi sura ya pili huonekana kwenye lugha: mtoto anaacha kuwa na jina, anakuwa "yule mlialiaji". Ukiisikia lugha hiyo chumbani, usimkemee msemaji. Angalia amefanya zamu ngapi mfululizo.

Kisha kila mmoja aandike mipango miwili kwa umbo la "ikiwa… basi", ambalo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alilionesha kuwa hufanya nia igeuke tendo kuliko nia tupu. "Nitakuwa mvumilivu" haifanyi kazi. "Ikiwa watoto wawili watalia pamoja wakati wa kulala, basi nitaweka mkono ukutani, nitatoa pumzi, kisha nitamwendea aliye karibu" inafanya. Sehemu ya "ikiwa" iwe kitu kinachoonekana au kusikika. Sehemu ya "basi" iwe tendo la sekunde kumi.

Taja pia mpaka wa mafunzo yako. Mtu mwenye huzuni au wasiwasi wa kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, asiyelala, asiyekula, anayekunywa ili apate usingizi, au anayewaza kujidhuru, anahitaji mhudumu wa afya ya akili, na wewe mwezeshaji si huyo. Uwe na namba na anuani za huduma zilizo karibu kabla ya siku ya kwanza, uzigawe kwa wote ili asionekane mmoja. Anayetaja kujidhuru usimwache peke yake mpaka amefika mikononi mwa anayestahili.

Ziara za chumbani

Baina ya vipindi, mtembelee kila mlezi chumbani kwake kwa dakika 20 hadi 30. Tangu mwaka 1980 Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, walikuwa wakisisitiza kwamba nadharia na maonesho peke yake huhamia kazini kwa nadra, na kwamba kinachohamisha ujuzi ni mazoezi, mrejesho na kuelekezwa pale pale kazini. Bajeti ikikulazimisha kuchagua, punguza vipindi viwili, usipunguze ziara.

Ukiwa chumbani, chagua kitu kimoja cha kutazama mlichokubaliana na mlezi. Usisahihishe mbele ya watoto. Baadaye muulize kwanza: "Uliona nini?" Kisha umpe jambo moja ulilolishuhudia na muda wake. "Saa tatu na dakika kumi ulisimama kabla ya kumwendea. Alinyamaza kabla hujamgusa." Mambo matatu kwa mara moja ni mengi.

Kupima, na kuendelea

Rudia lile dodoso wiki nne baada ya kipindi cha mwisho, lakini usilitegemee peke yake. Alama zinaweza kupanda kidogo hata mafunzo yakiwa yamefaulu, kwa kuwa mtu aliyejifunza kuuona msongo wake huuandika. Kaa tena asubuhi mbili na lile daftari: sauti zimepanda mara ngapi, watoto wamesubiri muda gani, "nipokee" imesikika mara ngapi. Neno likiwa halijasikika kabisa, uliza kwanza kama kuna mtu wa kupokea. Mara nyingi zamu imepungua mtu mmoja tangu uondoke.

Mlezi mpya akiajiriwa, asisubiri mafunzo mengine. Siku yake ya kwanza apewe mambo matatu na mlezi mwenzake, kwa nusu saa: hatua sita za dakika ya moto, namna ya kumlaza mchanga na kuondoka, na neno la kupokewa. Alitumie neno hilo siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana, hata kama watoto wote wamelala.